Ukuta wa Nyuma wa Kambi

Lindi Mjini,
9 Mei 1997

Mama mkubwa Tekla,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine mpelekee baba mkubwa Kornelio, popote alipokaa na redio yake. Macho yake yanaendeleaje? Huku kwangu mimi ni mzima. Mama alikuja baada ya Pasaka kutoka Nyangamara na kikapu cha mbaazi, akaingia jikoni kwangu, akalitazama jiko la mafuta ya taa, akasema nyumba isiyofuka moshi si nyumba. Alikaa siku chache akarudi kwa kuku wake. Mguu umepata nafuu, ila hataki kuambiwa apumzike. Unamjua mdogo wako.

Nina jambo la kukuuliza, na nadhani ni wewe tu katika ukoo wetu unayeweza kunijibu.

Ile kambi kongwe ya hapa mjini, waliyoijenga Wajerumani kando ya bahari, jeshi limeihama. Wamepata kambi mpya nje ya mji, na eneo lote limerudishwa kwa raia. Sasa mji unataka kujua palipobaki pafanywe nini, na ofisi yetu ya mipango miji imenipa mimi kazi ya kuandaa mapendekezo. Mimi, mama mkubwa, ambaye bado naulizwa getini kama nimekuja kumtafuta mtu! Nimefurahi mpaka nimeogopa.

Ramani tuliyoachiwa ni vijumba vitupu visivyo na majina. Najua uliishi humo baba mkubwa alipokuwa askari, kabla mimi sijapata akili. Niambie basi, jengo lipi lilikuwa la nini? Watu walipita wapi, maji yalitoka wapi, kivuli kizuri kiko wapi? Sitaki kupanga mahali nisipopajua. Na upande wa nyuma, nyuma ya kota za askari, kati ya kota na ukuta, palikuwa na nini? Kwenye ramani pameachwa peupe.

Barua hii nampa Abilahi, yule mnunuzi wa ufuta mwenye lori la bluu. Amesema ataiacha dukani kwenu.

Mwanao,
Angela


Kiranjeranje,
2 Juni 1997

Angela mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu anisomee, kisha nikamsomea baba yako mkubwa yale yanayomhusu. Macho yake yanaona watu wanaokuja, hayaoni sindano. Amesema mwambie Angela redio imekwisha betri, kwa hiyo sasa ananisikiliza mimi, na mimi sina muziki.

Ufuta umestawi. Wanunuzi sasa ni wengi, kila mmoja na lori lake na maneno yake matamu, si kama zamani tulipokuwa tunaungojea ushirika hadi gunia linaota. Abilahi ndiye mwenye adabu kidogo.

Haya, kambi yako. Ukiingia getini, chumba cha kushoto kilikuwa cha walinzi. Jumba kubwa la ghorofa linalotazama bahari ndilo la Wajerumani, kuta zake nene mtu unaweza kulala dirishani. Juu ofisi, chini ghala la silaha, hatukulisogelea. Mbele yake uwanja wa gwaride. Kulia, mesi ya maafisa, walipokuwa wakila, na nyuma ya mesi jiko kubwa. Baraza la jiko ndilo lenye kivuli kizuri unachokitafuta, kuanzia saa nane hadi jua kuzama. Hapo ndipo mimi nilipojifunza kusoma na kuandika, darasa la watu wazima, wake wa askari tumekaa chini na watoto mapajani, mwalimu anaandika "KARANGA" ubaoni na sisi tunamsahihisha jinsi ya kuzikaanga. Tulicheka sana pale. Maji yalikuwa kisimani, karibu na mti mkubwa wa mkungu. Matamu, hayana chumvi. Kota zetu ni zile laini nne ndefu za nyumba. Yetu ilikuwa ya tatu, mlango wa mwisho.

Ukipata nafasi, wape watoto uwanja. Uwanja ule haupati tope hata masika.

Huko nyuma kwenye ukuta hakuna kitu. Paache tu palivyo.

Msalimie mama yako, mwambie asipande ngazi za watu na mguu ule.

Ni mimi mama yako mkubwa,
Tekla


Lindi Mjini,
27 Julai 1997

Mama mkubwa mpenzi,

Shikamoo, na asante kwa barua. Nimeiweka mezani ofisini na nimeandika majina yote kwenye ramani kama ulivyosema. Majid, mpima ardhi ninayefanya naye kazi, amekwenda kukaa kwenye baraza la jiko saa nane mchana ili ahakikishe. Akarudi saa kumi na moja. Akasema, "Mama yako mkubwa hasemi uongo."

Majuzi tulifanya mkutano wa wananchi, na tuliufanyia humohumo kambini, uwanjani. Sikutegemea watu kuwa wengi vile. Wengine wamezaliwa mtaa wa jirani, wamezeeka nje ya ukuta ule, na hawajawahi kukanyaga ndani. Walikuwa wanatembea taratibu, wanazungumza kwa kunong'ona kama wako msikitini.

Kila mtu alikuja na lake. Wafanyabiashara wanataka soko. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya bondeni anataka madarasa, kwani paa la kwake limeinama na mvua ikija anawarudisha watoto nyumbani. Wazee wanataka zahanati. Kisha akasimama kijana mmoja, ametumwa na mwekezaji kutoka Dar es Salaam, akatandaza mchoro wa rangi: hoteli, bwawa la kuogelea, ukuta umeinuliwa. Akasema hoteli italeta ajira.

Bi Salima, anayeuza samaki wa kukaanga stendi, akauliza, "Na sisi tutapitia geti gani?"

Kijana akasema, "Kutakuwa na geti la wafanyakazi, mama."

"Mimi sikuuliza wafanyakazi. Nimeuliza sisi. Mimi nikitaka kuja kukaa tu hapa, nitazame bahari, nipumzishe miguu, napitia wapi?"

Kijana akatazama mchoro wake. Watu wakaangua kicheko, lakini mama mkubwa, hakikuwa kicheko cha furaha. Mzee mmoja akasema, "Mjerumani alitutoa, Mwingereza akatutoa, jeshi letu sawa lilikuwa na sababu yake. Safari hii anatutoa nani?"

Mimi nimeshaanza kuandika: shule kwenye kota, zahanati kwenye mesi, uwanja wa watu wote, geti wazi kuanzia asubuhi hadi jioni. Jumba la Wajerumani hata likipangishwa kwa mgeni si neno, fedha yake ikarabati mengine.

Ila nakuuliza tena habari za huko nyuma. Mpango wa kwanza wa ofisi ulikuwa kuweka hapo vyoo na shimo la taka, kwa sababu pako wazi na mbali na watu. Nilikwenda na Majid kupima. Tumekuta mawe kwenye majani, yamepangwa, hayakuanguka yenyewe. Unakumbuka chochote?

Mwanao,
Angela


Kiranjeranje,
20 Agosti 1997

Angela,

Marahaba. Sisi wazima. Nguruwe wameingia shambani kwa jirani yetu Mwanaasha wakala mihogo yote, wamebakiza majani kama vile wanatudhihaki. Baba yako mkubwa anakesha na debe, analipiga mpaka mikono inauma, wao wanakula huku wanasikiliza.

Huyo Bi Salima ni mtu. Mpe salamu zangu, mwambie hata mimi nimecheka.

Shule ni jambo zuri. Fanya hivyo.

Umeniuliza habari za mawe. Mwaka huu embe zitakuwa nyingi, maua yamejaa. Vyoo waweke upande wa jiko, ndiko mtaro ulikokuwa ukipita.

Tekla


Lindi Mjini,
14 Oktoba 1997

Mama mkubwa,

Shikamoo. Sijui nianzeje, kwa hiyo naanza na nilikotoka. Jumamosi nilikwenda Nyangamara. Mama mzima, kuku wazima. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba, anapepeta mbaazi, namsimulia kazi yangu. Nikamwambia, "Kuna mawe nyuma ya kota za askari, kama makaburi, na mengine ni mafupi. Nikimuuliza mama mkubwa ananiambia habari za nguruwe."

Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Umemuuliza Tekla?"

"Mara mbili."

"Usimuulize tena."

Nikasema, "Mama, nataka kujua, ofisi inataka kuchimba shimo la taka pale."

Hapo aliuweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga. Kisha akasema, "Una kaka yako pale."

Mama mkubwa, mimi ni mtoto wa kwanza kwa mama yangu. Siku zote nimejua hivyo. Nikamuuliza kaka gani.

"Leonadi. Wa Tekla. Alikubeba mgongoni ukiwa mdogo, anakupitisha kwa watu anasema huyu ni wangu."

Hakusema zaidi. Alisema yaliyobaki ni yako, na kama hutaki kuyasema basi hayasemwi. Nami sikuulizi. Nakuandikia tu ujue kwamba nimejua, maana nimeona vibaya kuendelea kukuletea maneno ya vyoo na mawe huku najua. Shimo la taka halitachimbwa pale. Niliporudi nilikwenda na Majid, tukafyeka majani taratibu. Hatukuhamisha jiwe hata moja.

Nisamehe kwa kuuliza.

Angela


Kilwa Masoko,
11 Januari 1998

Mama mkubwa,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya wewe na baba mkubwa. Sijapata jibu la barua ya Oktoba. Najiambia ni hizi mvua za Elinino, maana tangu zianze hakuna kinachopita. Huku wanasema mto Mavuji umefurika, barabara imekatika, magari yamelala njiani na abiria wanapikiana kando ya barabara kama majirani. Lakini usiku wa kuamkia Krismasi niliwaza pia kwamba huenda umenikasirikia.

Kama unavyoona, nakuandikia kutoka Kilwa Masoko. Nimeletwa huku kwa kazi ya muda, kusaidia mambo ya viwanja. Nimepata chumba karibu na soko. Kuna samaki wazuri. Usiwe na wasiwasi juu yangu.

Mipango ya kambi inaendelea vizuri.

Mkiwa salama, hata neno moja nitashukuru.

Mwanao,
Angela


Kiranjeranje,
8 Februari 1998

Mwanangu Angela,

Marahaba mama. Sikukukasirikia. Barua yako ya Oktoba imenifikia majuzi, pamoja na hii ya Januari, zote mbili mkononi mwa Abilahi. Lori ameliacha ng'ambo, amevuka Mavuji kwa mtumbwi na barua ameziweka ndani ya kofia. Nimempikia ugali na kisamvu akala kama ametoka kifungoni. Sisi hatujambo. Ukuta mmoja wa jiko umelala, tumeegemeza magogo.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Leo Kornelio amekwenda kutazama mpunga, nami nimekaa kuandika.

Leonadi ni mwanangu. Ni kweli. Mwaka ule Kornelio na wenzake walipelekwa Kagera vitani, tukabaki wanawake na watoto na askari wachache wa ulinzi. Kipindupindu kikaingia mjini, kisha kikaingia kambini. Geti likafungwa. Hatoki mtu, haingii mtu. Amri ilikuwa ya haki, sisemi neno, maana kingetumaliza sote na mji pia. Leonadi aliamka asubuhi anaomba maji. Namna alivyokuwa mkorofi, nikajua anaumwa kweli kwa sababu alisema "tafadhali." Mganga wa kambi alihangaika naye, yule kijana alilia mwenyewe. Jua lilipopinduka alikuwa ameshaondoka.

Waliokufa walizikwa nyuma, penye ukuta, siku ileile, maana haikuruhusiwa kuwapeleka makaburini mjini. Pamoja na Leonadi alikuwamo mke wa sajenti mmoja, na watoto wengine. Hawakusomewa misa. Mama yako Genoveva alifika getini amekushika wewe mkono, na unga wa matanga kichwani. Wakamzuia. Yeye akasimama nje, mimi ndani, tukalia hivyo, tunaonana. Akauweka ule unga chini akarudi. Mawe niliyapanga mimi siku zilizofuata, nikiyabeba kutoka kisimani.

Kornelio aliporudi alikuwa ameshapata habari hukohuko. Alikwenda nyuma ya kota mara moja, akarudi, akaomba maji ya kunawa. Tangu siku ile hakulitaja jina. Hakunikataza mimi. Aliacha tu kulitaja, na mimi nikaona nikilitaja namchoma, nikaacha. Baada ya muda si mrefu tukahamishiwa kambi nyingine, kisha akastaafu, tukaja huku kwao. Mara moja, ulikuwa umeshaanza shule wewe, nilikwenda Lindi peke yangu nikaomba niingie nipalilie. Askari wa getini alikuwa kijana mwema. Akaniambia, "Mama, nakuonea huruma, lakini raia haruhusiwi." Nikamwambia nimeelewa. Nikazunguka nje, nikauweka mkono ukutani upande wa huko, ukuta ulikuwa na joto la jua. Nikapanda gari nikarudi.

Unauliza moyoni mwako kwa nini sikukuambia, ingawa kwa adabu umesema huulizi. Kama ningekuambia, ungekuwa unachora mji mzima huku unamtazama mama yako mkubwa. Nilitaka uwaze watoto walio hai. Kambi ile ni ya watu wote, si ya kaburi moja. Hata sasa nasema hivyo. Ila nimeshukuru kwa shimo la taka.

Sasa nawe useme. Kazi ya muda gani inayomhamisha mtu na kitanda chake? Abilahi amekuona ukishusha kabati. Na "mipango inaendelea vizuri" ni maneno ya mtu anayemdanganya mgonjwa. Mimi si mgonjwa.

Mama yako mkubwa,
Tekla


Kilwa Masoko,
19 Aprili 1998

Mama mkubwa wangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama posta, nikatoka nayo nje, nikairudia nimekaa kwenye ngazi mpaka mhudumu akaja kuniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, zamani kidogo.

Asante kwa kunipa kaka yangu.

Haya, na mimi nasema. Mwezi wa Novemba bosi wangu aliniita. Akaniambia niandike kwenye taarifa kwamba wananchi wameafiki eneo lote liwe hoteli, kuanzia geti mpaka ukuta wa nyuma. Nikasema hawakuafiki, nilikuwepo. Akasema, "Angela, wewe bado mtoto, mtu hagombani na maendeleo." Nikamwambia sigombani na maendeleo, nakataa kuandika nisichokisikia. Wiki iliyofuata nikaambiwa Kilwa kuna upungufu wa watu. Ndivyo nilivyoletwa. Sikukuambia kwa sababu niliona nimelipoteza kaburi la kaka, na ulipokuwa umenyamaza nilifikiri umeniachia mimi nililinde. Nililia sana, sasa nimeacha.

Lakini sikiliza kilichotokea. Amenisimulia Majid, amekuja huku kupima viwanja, na alikuwepo.

Mvua zile ziliingia bondeni Lindi, nyumba za watu zikajaa maji hadi madirishani. Shule ya bondeni paa lilishuka lote, bahati ilikuwa likizo. Watu hawana pa kwenda. Bi Salima akawaongoza wenzake hadi kambini na magodoro vichwani. Geti lilikuwa na kufuli. Mlinzi akasema hana ruhusa. Bi Salima akamwambia, "Baba, nani anakuomba ruhusa? Tunakuomba ufunguo." Majid anasema mlinzi alitazama watoto wanavyotetemeka, akalifungua geti mwenyewe, akasema kama kuna atakayeuliza, yeye ndiye aliyefungua.

Wakaingia kota zote nne. Jiko kubwa likawashwa tena. Masomo yalipoanza, mwalimu mkuu akaleta ubao na watoto, akafundishia kwenye laini mbili, familia zikajibana kwenye mbili zilizobaki. Mkuu wa mkoa akaja kuwapa pole, akakuta darasa linaendelea, watoto wamekaa sakafuni wanaimba hesabu. Sasa nani angesimama mbele yao aseme hapa pawe bwawa la kuogelea?

Baraza la madiwani limekaa mwezi uliopita. Wametoa ramani yetu kabatini. Majid ndiye aliyewaonyesha ilipo. Haikupita yote, nisikudanganye. Mwekezaji amepewa jumba la Wajerumani na mesi, na ufukwe ulio mbele yake, kwa hiyo zahanati imekosa mahali na Bi Salima bahari ataitazamia pembeni. Amenuna. Lakini kota ni shule rasmi, uwanja ni wa watu wote, na geti litakuwa wazi mchana kutwa. Limeandikwa kwenye maamuzi. Sehemu ya nyuma imeandikwa "makaburi, pasijengwe." Neno hilo nililiandika mimi Oktoba, na halijafutwa.

Mimi bado niko Kilwa. Wamesema nitarudi, sijui lini. Huku pia kuna kazi, na nyie mko karibu barabara ikipona.

Nendeni, mama mkubwa. Nenda na baba mkubwa. Au nenda peke yako, lakini nenda.

Mwanao,
Angela


Kiranjeranje,
16 Agosti 1998

Angela mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, na barabara imepona, au tuseme imepata nafuu kama mguu wa mama yako. Ufuta tumevuna kidogo, mvua iliuharibu, lakini njaa haipo. Jiko nimejengewa upya na Mwanaasha na wanawe, nimewapikia pilau.

Tumekwenda.

Nilimwambia Kornelio tukiwa tunakula. "Nakwenda Lindi." Akauliza kufanya nini. Nikamwambia, "Unajua." Akaendelea kumega ugali, nami sikurudia. Siku ya kuondoka niliamka kujiandaa, nikamkuta amekaa kitandani, ameshavaa viatu.

Tulilala Lindi kwa shemeji wa mama yako; mama yako alikuja kwa ajili hiyo akatupangia chumba. Asubuhi Genoveva alisema atatusindikiza hadi getini tu, hataingia, siku hii ni yetu. Nikamwambia, "Safari ile ulibaki nje, safari hii uingie." Akasema, "Tangulieni, nitakuja nyuma yenu." Nikaona anataka kulia peke yake, nikamwacha.

Mwanangu, palivyobadilika. Wanawake wanauza mihogo ya kuchoma nje ya geti. Uwanjani watu wanakatiza na baiskeli, na vikapu vya samaki, kila mtu na safari yake. Kota zetu zimepakwa chokaa, na kila mlango sauti za watoto. Mlango wetu wa mwisho umeandikwa "Darasa la Pili B." Kornelio alikuwa ameshika bega langu kwa ajili ya macho, nilihisi vidole vinakaza.

Akatoka mwalimu mmoja, dada bado kijana, chaki mkononi. Akasema, "Shikamooni. Karibuni. Mnamtafuta nani?"

Nikageuka nimtazame Kornelio.

Kornelio akasema, "Tumekuja kumwona mtoto wetu."

"Anaitwa nani, baba?"

"Leonadi. Leonadi Kornelio."

Angela, nilisikia jina lile kwa sauti yake. Nikaegemea nguzo ya baraza.

Yule mwalimu akawaza, akasema, "Leonadi, Leonadi... Yuko darasa la ngapi?"

Kornelio akamwambia, "Alikuwa hajaanza shule."

Alisema kwa upole, kama anamwomba radhi. Mwalimu alitutazama, kisha akatazama upande wa ukuta, nikaona ameelewa. Hakusema pole. Aliwaambia watoto wasome kimya, akaingia ndani, akatoka na mkeka. "Nifuateni," akasema, "pamefagiliwa. Huwa tunafagia kila Ijumaa."

Mawe yote yako palepale. Nililijua langu kabla sijafika, lile lenye chembe nyeupe. Mwalimu alitutandikia mkeka, akarudi darasani. Genoveva akatufikia, akapiga magoti, akasema rozari polepole, nikamwitikia. Padre tumeshamwomba, atakuja kuwasomea wote.

Kisha Kornelio alisema anataka kukaa kidogo. Mimi na mama yako tukasogea mbali, tukakaa kwenye baraza la darasa. Tulimwona anavua viatu. Tulimwona midomo inacheza. Alizungumza naye muda mrefu, mpaka kengele ikagongwa na watoto wakamwagika uwanjani, naye bado anazungumza. Sikwenda kusikiliza. Yalikuwa ya wao wawili.

Mama yako mkubwa,
Tekla, mama yake Leonadi